USANIFU WA USANIFU

Neno usanifu lina kazi mbili katika Kiswahili cha leo. Wanaistilahi hulitumia kwa kusawazisha lugha, kazi ambayo Baraza la Kiswahili la Taifa limekabidhiwa tangu lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967. Wahandisi nao hulitumia kwa muundo wa jengo, na sasa kwa muundo wa kompyuta. Katika historia ya Linux maana hizo mbili zinagongana.

Linus Torvalds alianza kuiandika Linux mwaka 1991 nchini Finland, kwa mashine zenye kichakataji cha Intel 80386. Sehemu yake ya ndani, ambayo twaiita kiini, ndiyo inayogawa kumbukumbu: programu hutaja anwani ya kubuni, nacho kiini huioanisha na mahali halisi. Kazi hiyo hufuata maumbile ya kichakataji. Kwa hiyo, vilipotokea vichakataji vya biti 64 vya ukoo uleule, msimbo wa biti 32 ulinakiliwa na kurekebishwa kando. Kosa liliposahihishwa katika nakala moja, liliweza kubaki katika ya pili.

Toleo la 2.6.24, la Januari 2008, liliziweka nakala hizo katika nyumba moja bila kuzichanganya. Mafaili yalikaa jirani kwa jina lilelile, moja likiwa na mkia wa 32 na jingine wa 64. Hatua hiyo, kwa maoni yetu, ilikuwa ya busara kuliko zote, maana vitu vikikaa jirani tofauti zake huonekana. Katika toleo la 2.6.25, la Aprili 2008, mafaili mawili yaliyooanisha kumbukumbu ya vifaa yakawa faili moja.

Tuchukulie mwenye steshenari wa Soweto, Moshi, anayetumia Linux katika mashine kuukuu ya biti 32. Maadamu kiini chake kingali kinatunzwa, sahihisho la faili hilo lililofanywa kwa ajili ya mashine mpya humfikia naye.

Wapo wanaoiita kazi hiyo “kuchora ramani ya kumbukumbu”. Hatukubaliani nao, kwani hakuna ramani inayochorwa, uoanishaji watosha. Usanifu nao tungeuacha kwa wajenzi na wanaistilahi, na kwa kompyuta tuseme muundo wa kichakataji. La sivyo, mfasiri atakayeieleza kazi ya mwaka 2008 atalazimika kuandika “usanifu wa usanifu”.