Historia Fupi ya Vikosi vya Vijana vya Ngoma na Buruji katika Marekani

Mwezi wa Agosti mwaka 1972, vikosi 39 vya vijana kutoka Marekani na Kanada vilikusanyika Whitewater, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin, kushindania ubingwa wa kwanza wa jumuiya mpya iliyoitwa Drum Corps International, na taji likachukuliwa na Anaheim Kingsmen wa California. Tangu siku ile jumuiya hiyo imehifadhi kwa uangalifu jina la kila kikosi kilichoingia uwanjani, alama zake na nafasi yake. Walakini mtu atakaye kujua ni vikosi vingapi vilivyokuwa hai mwaka ule, au miaka ishirini kabla yake, hapati jibu katika daftari hilo, kwa kuwa wale 39 ni wale tu waliomudu safari ya Whitewater, ilhali mamia ya wenzao walibaki makwao wakipiga ngoma katika mitaa waliyozaliwa. Maandishi haya, yaliyokusudiwa kuienzi taasisi ambayo mwaka 2022 ilitimiza nusu karne tangu mashindano yale ya kwanza, yanashikilia neno moja: kwamba hesabu ya vikosi hivyo ni sehemu ya heshima yao, na historia iwatajayo mabingwa peke yao haijawatendea insafu vijana walioijenga.

Asili ya mambo haya ni vita vikuu vya kwanza. Maaskari waliorudi kutoka Ulaya waliunda mwaka 1919 chama chao, American Legion, kikaungana katika kazi na kile kilichotangulia, Veterans of Foreign Wars; na kwa kuwa ngoma na buruji za jeshi zilikuwa nyingi na rahisi kupatikana, matawi ya vyama hivyo yakaanzisha vikosi vya wazee, kisha vya watoto wao. Buruji za awali hazikuwa na vali hata moja, kwa hiyo zilitoa sauti chache tu, na mtoto asiyejua kusoma muziki aliweza kufundishwa kwa sikio katika ukumbi wa parokia jioni mbili kwa juma. Unyonge huo wa ala ndio uliokuwa siri ya kuenea kwake, maana palipokuwa na padri mwenye ari, au mkuu wa skauti, au tawi la maaskari wa zamani lenye akiba kidogo, hapo kikosi kiliweza kuzaliwa.

Ndivyo walivyozaliwa Racine Scouts mwaka 1927. Na Holy Name Cadets mwaka 1934, chini ya kanisa la Kikatoliki la Garfield, New Jersey. Na Madison Scouts mwaka 1938. Na Boston Crusaders mwaka 1940. Baada ya vita vikuu vya pili mbegu ikamea zaidi: mwaka 1948 Don Warren akaunda Cavaliers kutokana na kundi la skauti la Chicago, na mwaka 1957 Jim Jones akaanzisha Troopers katika Casper, Wyoming, akawavika vijana wake sare za wapanda farasi wa jeshi la zamani. Wasichana nao walikuwa na vikosi vyao, kama Audubon Bon Bons wa New Jersey. Lakini hawa ni wale wenye majina makubwa. Kando yao palikuwapo vikosi vya parokia na vya vitongoji ambavyo havikupata kamwe kusimama mbele ya mwamuzi, ambavyo kazi yao ilikuwa kuongoza gwaride la siku ya kuwakumbuka mashujaa na maandamano ya sikukuu ya kanisa, na ambavyo kwa sababu hiyo havikuacha alama yoyote katika vitabu vya mashindano.

Wasomaji wa pwani yetu hawatauona mtindo huu kuwa mgeni, kwani ngoma ya beni, pamoja na ushindani wake wa Marini na Arinoti, nayo ilichota gwaride, vyeo na tarumbeta katika bendi za kijeshi. Na mwanahistoria Terence Ranger, alipotoa kitabu chake juu ya beni mwaka 1975, alionyesha jinsi chama cha ngoma kiwezavyo kuwa ushahidi wa maisha ya watu ambao watawala hawakujishughulisha kuwaandika. Ushahidi wa namna hiyo ndio unaotakiwa Marekani pia.

Hata kufikia miaka ya 1960, kanuni za mashindano, waamuzi na zawadi vilikuwa mikononi mwa vyama vya maaskari wa zamani, na walimu wa vikosi walilalamika kwamba wao ndio wabebao gharama wala hawana kauli. Mwaka 1971 vikosi vitano, yaani Troopers, Cavaliers, Madison Scouts, Blue Stars na Santa Clara Vanguard, vikafanya shirika la kujisimamia. Wenzao wa mashariki wakafanya lao. Na kutokana na azma hiyo ikazaliwa Drum Corps International. Tangu hapo sanaa ikapanda daraja upesi: vali mbili zikaruhusiwa mwaka 1977, tatu mwaka 1990, na tangu mwaka 2000 ala za shaba za namna ya bendi nyingine zikakubaliwa.

Lakini neema hiyo ilikuja na gharama yake. Ala mpya zilihitaji fedha, walimu stadi walihitaji mishahara, na ziara ya majira yote ya kiangazi ilihitaji mabasi na mafuta katika zama ambazo, tangu mwaka 1973, mafuta yalikuwa yamepanda bei. Wakati huohuo familia zilihama mijini kwenda vitongojini, parokia zikapungukiwa na watoto, bendi za shule zikawavuta vijana, na vikosi vilivyosalia vikategemea michezo ya bingo kulipa madeni yao. Anaheim Kingsmen wenyewe, mabingwa wa kwanza, hawakudumu. 27th Lancers wa Revere, Massachusetts, wakavunjika mwaka 1986. Leo vikosi vya vijana vilivyomo katika jumuiya hiyo havifiki hamsini.

Hata hivyo, anayelinganisha idadi ya zamani na ya sasa na awe na hadhari. Neno Open, ambalo katika miaka ya 1970 lilikuwa jina la daraja la juu kabisa, tangu mwaka 2008 ni jina la daraja la chini, na asiyelijua hilo atachanganya wakubwa na wadogo. Kikosi cha Garfield kilibadili jina mara kadhaa mpaka kikaitwa The Cadets, na asiyefuatilia nasaba yake atakihesabu kuwa vikosi vitatu au vinne, hali ni kimoja kilichoishi tangu 1934 mpaka kilipofungwa mwaka 2024. Katikati ya miaka ya 1970, Toronto Optimists na Seneca Princemen waliungana wakawa Seneca Optimists, hesabu ikapungua kwa kimoja bila ya vijana kutoweka. Santa Clara Vanguard hawakushiriki mwaka 2023, wakarudi 2024. Kukosekana kwao hakukuwa mauti. Na tena, kikomo cha wanachama kilichokuwa 128 kimepandishwa mpaka kupita 150, hata kikosi kimoja cha leo chaweza kubeba vijana wa vikosi vitatu vidogo vya zamani.

Kwa hiyo hesabu iliyo ya haki itenge mafungu matatu: vikosi vilivyosafiri kwenda mashindano ya taifa, vilivyoshindana jimboni mwao tu, na vilivyoandamana bila kushindana. Fungu la kwanza limekwisha kuandikwa, na la pili laweza kukusanywa katika ratiba za mashindano na magazeti kama Drum Corps World, lililoanza mwaka 1971. La tatu, ambalo aghalabu ndilo kubwa kuliko yote, limo katika daftari za parokia, kumbukumbu za matawi ya maaskari, picha za harusi na sare zilizofungwa masandukuni, na zaidi katika vichwa vya watu ambao, ikiwa walikuwa na miaka 15 mwaka 1960, wametimiza 80 mwaka 2025. Jumuiya iliyojua kukipa kila kikosi alama zake ina uwezo, na kwa hiyo ina wajibu, wa kuwauliza wazee hao jina la kikosi chao, mji wake na miaka yake, kabla ya nafasi ya kuuliza haijapita.