Gilemoti wa Genge la Bempton

Genge hili la chokaa, Yorkshire, Uingereza, lina kimo cha takriban mita 100 juu ya Bahari ya Kaskazini. Ndege wenye mgongo wa kahawia iliyokolea na kifua cheupe waliosimama kwenye kingo zake ni gilemoti. Hawajengi kiota: jike hutaga yai moja tu, lenye umbo la pea, juu ya mwamba mtupu.

Mayai huonekana zaidi mwezi wa Mei, ila kugombea nafasi huanza miezi mingi kabla. Katikati ya baridi kali ndege hawa hufika alfajiri, wakabanana bega kwa bega, na mara nyingi kabla ya adhuhuri wote wamerudi baharini kuvua. Bahari ikichafuka, genge hukaa tupu hata siku kadhaa. Tazama jozi iliyo karibu: mmoja huinamisha shingo, mwenzake humchambua manyoya taratibu kwa ncha ya mdomo.

Zamani wanakijiji waliteremka hapa kwa kamba kuokota mayai, nao wawindaji waliwapiga ndege risasi wakiwa kwenye mashua. Sheria ya 1869 ilianza kuwalinda ndege, na ile ya 1954 ikakomesha uokotaji wa mayai.

Fika mapema. Usivuke uzio, ukingo hubomoka.