Sindano Irukayo Mfuo Wake

Bibi mmoja jirani yetu alituita siku moja tumtazamie santuri yake. Ni ile ya umeme, ya kisanduku chenye kifuniko, aliyoachiwa na marehemu mumewe, na pamoja nayo sahani chache za zamani, nyeusi, nzito, zivunjikazo kama vigae. Katika hizo, aipendayo kuliko zote ni moja yenye sauti ya Siti binti Saad. Lakini kila ifikapo mahali pamoja sindano huruka, neno likakatika, na wimbo ukaendelea mbele kama msomaji aliyefunua kurasa mbili kwa pamoja. Mjukuu wake alikuwa amekwisha kuitibu kwa dawa ijulikanayo na wengi: alibandika sarafu ya shilingi mia juu ya kichwa cha mkono wa santuri, ili sindano ilemewe isipate nafasi ya kuruka.

"Mwalimu," akasema bibi, "tangu kuwekwa sarafu hii hairuki sana, lakini naona sauti yenyewe yafifia."

Neno lile lilitutia hofu. Na ili wasomaji wajue sababu ya hofu yetu, hatuna budi kurudi nyuma mpaka siku za wale waliovumbua chombo hiki.

Chombo cha kwanza kilichoweza kuhifadhi sauti ya mtu na kuirudisha kilitengenezwa na Thomas Edison huko Marekani mwaka 1877. Hakikuwa na sahani. Kilikuwa na mche wa duara kama kipande cha mwanzi mnene, uliovikwa karatasi ya bati, nao ulizungushwa kwa mkono. Sauti ya msemaji ilitikisa kiwambo, kiwambo kikatikisa sindano, na sindano ikalichora bati kwa kwenda juu na chini, ikafanya vilima na mabonde madogo mno. Jambo la kuangaliwa ni hili: mche ule ulishikwa na skrubu ndefu, na skrubu hiyo ndiyo iliyousogeza kidogo kidogo chini ya sindano. Sindano haikuwa na kazi ya kutafuta njia, ililetewa njia.

Emile Berliner, mzaliwa wa Hannover katika Ujerumani, aliyehamia Marekani mwaka 1870, alifuata shauri jingine. Mwaka 1887 aliandikisha uvumbuzi wake, ambao sindano yake hutikisika kulia na kushoto, na muda si mrefu akashika sahani bapa, kwa kuwa sahani bapa yaweza kupigwa chapa kwa maelfu kutoka kalibu moja. Tena aliitupa ile skrubu. Mfuo wenyewe, uzungukao toka ukingoni mpaka karibu na kati, ndio uliopewa kazi ya kuuvuta mkono wa chombo. Na katika santuri za kwanza ulivuta hata baragumu. Basi tangu siku hizo mfuo una kazi mbili, kubeba sauti na kuongoza sindano. Twaona kuwa maradhi yote ya kuruka asili yake ni hapo. Penye mkwaruzo, au punje ya mchanga, au kizuizi chochote cha mkono, sindano hutoka katika njia yake, wala hapana skrubu ya kuirudisha.

Dawa ya watu wa zamani ilikuwa uzito. Kisanduku cha sauti cha santuri ya kamani kililemea sahani kwa zaidi ya gramu 100, na mzigo kama huo hauruki kwa sababu ya vumbi. Lakini ni sahani gani iwezayo kuustahimili? Walizitengeneza kwa shelaki, yaani utomvu ugandishwao na wadudu wadogo juu ya matawi ya miti katika Bara Hindi, wakachanganya na unga wa mawe. Unga ule uliinoa sindano ya chuma hata ikalingana na mfuo, ikawa sindano ndiyo iishayo kwanza. Kwa hiyo makopo ya sindano yaliandikwa kwamba kila moja itumike mara moja tu, kisha itupwe. Wengi wa wazee wetu hawakuitii amri hiyo, kwa kuwa sindano zilinunuliwa kwa fedha. Sindano iliyokwisha kuchongoka ubavuni ilipigishwa sahani ya pili na ya kumi, ikayakata maneno kama tupa.

Na sahani hizo zilikuwa na maneno ya thamani. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika kisiwa cha Unguja, alivuka bahari pamoja na wapigaji wake mwaka 1928 kwenda Bombay, akaimba kwa Kiswahili mbele ya mitambo ya kampuni yenye chapa ya mbwa asikilizaye baragumu. Sahani zake zikauzwa pwani yote na bara. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert ameandika wasifu wake. Wasifu waweza kupigwa chapa tena wakati wowote. Sahani iliyolika, hapana awezaye kuijaza tena.

Mwaka 1948 kampuni ya Columbia huko Marekani ilitoa sahani za namna mpya, za plastiki, zizungukazo mara 33 na theluthi kwa dakika badala ya 78. Mwaka uliofuata kampuni ya RCA Victor ikatoa zile ndogo za mizunguko 45. Sahani ya shelaki ya inchi 10 huimba kama dakika 3 kila upande. Ile kubwa ya plastiki huimba dakika 20 na zaidi. Siri yake ni wembamba wa mfuo. Ncha ya sindano ya sahani za shelaki ina nusu kipenyo cha elfu 3 za inchi. Ya plastiki, elfu 1 tu. Mfuo mwembamba wa plastiki laini hauwezi kulemewa, hivyo mafundi wakaupunguza uzito mwaka hata mwaka, mpaka leo santuri nzuri hulemea gramu 2 hivi. Sauti imesafika, na sahani zadumu, lakini sindano imekuwa nyepesi kama kinyoya, na kila kitu chaweza kuirusha: nyayo za mtoto akimbiaye, meza iliyoinama, uzi wa vumbi.

Sasa msomaji ataelewa sarafu ilitutisha kwa nini. Sarafu ile peke yake ni nzito kuliko uzito wote uliopimiwa sindano nyingi za siku hizi.

Tulianza kwa kuibandua. Kisha tukaweka bakuli la maji juu ya chombo, tukaona kimelala sawa. Tukapiga sahani nyingine. Maana kama sindano huruka mahali pamoja katika sahani moja tu, kosa ni la sahani. Kama huruka katika sahani zote mkono ufikapo umbali ule ule, mkono umezuiwa, mara nyingi na waya wake wa nyuma. Na kama huruka ovyo, hapo ndipo pa kutazama sindano na uzito wake. Sahani ya bibi tuliifuta kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Spiriti hatukuithubutu, kwa sababu huyeyusha shelaki. Kwa kioo cha kukuzia tukaona mkwaruzo mwembamba, usiokuwa na kina. Kwa nini basi sindano iushindwe?

Jibu lilikuwa katika kichwa cha mkono. Santuri nyingi za namna ile zina sindano mbili, mgongo kwa mgongo, na kijiti cha kuzigeuza, moja ya shelaki na moja ya plastiki. Kijiti kilikuwa upande wa plastiki. Ile ncha nyembamba ilikuwa ikitangatanga chini kabisa ya mfuo mpana, kama mtumbwi mdogo katika mto mkubwa, na mkwaruzo kidogo ulitosha kuitupa nje. Tukakigeuza. Sindano pana ikakaa juu zaidi, ikishika kuta mbili za mfuo, mahali ambapo ile nyembamba na sarafu yake hazikupagusa. Neno lililokuwa likikatika likasikika zima, na sauti ikarudi kwa nguvu ambayo bibi hakuitazamia. Alitutaka tuirudie, tukairudia mara moja, na mjukuu akainasa kwa simu yake.

Hasara ilikuwa kwingine. Kijana yule alikuwa na sahani zake ndogo za plastiki, za dansi, nazo alizipiga miezi yote ile chini ya sarafu. Hizo sindano yake ilizienea barabara, na kwa sababu hiyo hiyo ilizichimba. Tulizisikiliza tatu. Ngoma zilikuwapo, lakini sauti za juu za magitaa zilikuwa zimegeuka mchakacho. Akatuuliza kama hapana dawa. Tukamwambia hapana. Akaichukua sarafu mezani, akaitia mfukoni, na sahani ya bibi tukairudisha katika bahasha yake, tukaisimamisha wima kabatini.