Subira Haitoshi: Milki ya Ardhi na Uthabiti wa Mwanamke Mkulima nchini Rwanda

Katika hotuba na maandishi mengi yamhusuyo mwanamke mkulima wa nchi zetu, sifa itangulizwayo mbele ya zote ni subira: kwamba huamka kabla ya alfajiri, akalima, akapalilia, akavuna, akabeba, akapika na kulea, wala misiba haimvunji. Sifa hiyo ni ya kweli, na hapana muungwana atakayeikanusha. Lakini ina hatari yake, kwa kuwa mtu asifiwaye kwa kustahimili mzigo aghalabu huachiwa mzigo uleule. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha, kwa ushahidi wa Rwanda, kwamba uthabiti wa mwanamke shambani ulipata nguvu pale sheria ilipomtambua kuwa mwenye milki, na kwamba nguvu hiyo hukoma pale ikomapo sheria.

Kwa mila ya zamani ya Rwanda, ardhi ilifuata upande wa kiume. Baba alimpa mwanawe wa kiume fungu la shamba liitwalo umunani, naye binti alitarajiwa kupata riziki yake katika ardhi ya mumewe. Wabelgiji walipowashurutisha wakulima kupanda kahawa katika miaka ya 1930, zao la fedha likaingia katika amri ya mume, ijapokuwa mikono ya mke haikukosekana katika kupalilia mibuni na kuchuma buni. Yeye akabaki na maharagwe, viazi vitamu na mtama wa kulisha nyumba. Hivyo mwanamke alikuwa na kazi katika pande zote mbili za shamba, na neno lake likasikika katika upande usioleta fedha.

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliacha wajane na mayatima wa kike wengi mno wakiwa wakuu wa nyumba, katika mashamba ambayo kwa mila hawakuwa na haki nayo. Mjane aliyenusurika aliweza kuondolewa na shemeji zake katika ardhi aliyoilima pamoja na marehemu. Binti yatima aliweza kunyimwa na ami zake kile alichokiacha baba. Hapo ilidhihirika kwamba subira peke yake haitoshi, kwani uvumilivu, hata ukizidi kiasi gani, haumrudishii mtu konde aliloporwa. Kilichowafaa ni kuungana na kudai. Haguruka, iliyoanzishwa mwaka 1991 kutetea haki za wanawake na watoto, Pro-Femmes Twese Hamwe ya mwaka 1992, na Avega Agahozo, iliyoundwa na wajane wenyewe mwaka 1995, pamoja na wizara ya familia na wanawake iliyoongozwa na Aloisea Inyumba, zilisimama katika dai hilo, mpaka ikatoka sheria ya Novemba 1999 iliyompa binti haki ya kurithi sawasawa na ndugu yake wa kiume.

Sheria ya ardhi ya mwaka 2005 ikaharamisha ubaguzi wa jinsia katika milki, na usajili uliofuata, ambao kufikia mwaka 2013 ulikuwa umeenea nchi nzima, ukaandikisha vipande vya ardhi zaidi ya milioni 10, mume na mke waliofunga ndoa ya kiserikali wakitajwa pamoja katika hati moja. Wachunguzi Daniel Ayalew Ali, Klaus Deininger na Markus Goldstein, walioyapima maeneo ya majaribio ya usajili huo, waliona kwamba wenye mashamba walizidisha bidii ya kuhifadhi udongo, na kwamba ongezeko lilikuwa kubwa zaidi katika kaya zinazoongozwa na wanawake. Sababu yake i wazi: kukata matuta katika ubavu wa kilima ni kazi ya leo yenye faida ya miaka ijayo, na huifanya yule mwenye yakini kwamba miaka hiyo itamkuta angali pale.

Uchunguzi huohuo, hata hivyo, ulibainisha kwamba wanawake wasio na cheti cha ndoa walidhoofika katika haki zao. Maadamu dola yaitambua ndoa ya mke mmoja iliyoandikishwa, mwanamke aishiye na mume bila kuandikishwa, na yule aliyeolewa mke wa pili, huweza kulima shamba moja maisha yake yote na jina lake lisionekane popote. Hapa Kigali jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa mji unazidi kupanda vilima vya wilaya ya Gasabo ambako bado watu wanalima, kama vile Bumbogo na Nduba. Na ardhi itwaliwapo kwa manufaa ya umma, fidia humwendea mwenye ithibati.

Wala hati peke yake haimalizi shauri, kwa sababu ardhi ni kitu kimoja na bei ya mavuno ni kingine. Katika ushirika wa Kopakama, wilayani Rutsiro kando ya Ziwa Kivu, wanawake waliunda kundi lao la Ejo Heza, na kahawa yao ikauzwa kwa jina lao. Mwanamke aliyeandikwa mwanachama hupokea malipo mkononi mwake na hupiga kura juu ya faida. Mke wa mwanachama huchuma, kisha hungoja kuhadithiwa.

Wako wasemao kwamba nchi ya kilomita za mraba 26,338, iliyohesabiwa watu milioni 13.2 mwaka 2022, haina ardhi ya kuwagawia mabinti pia. Hoja hiyo ingekuwa na insafu lau wenye kuitoa wangemnyima mwana wa kiume kwa sababu ileile. Ufinyu wa ardhi ni dhiki ya wote. Kuutwika upande mmoja hakuongezi hata hatua moja ya shamba.

Mwaka 2008 Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuwa na bunge lenye wanawake wengi kuliko wanaume. Heshima hiyo yawajibisha mambo matatu: ofisi za sekta ziandikishazo ndoa ziwaendee vilimani wasioandikisha ndoa, badala ya kuwangoja, sheria imhesabie mwanamke jasho alilolitia katika ardhi hata akikosa cheti, na vyama vya ushirika viandike majina ya wote wawili, mume na mke, katika daftari la wanachama. Yakitimizwa hayo, mwanamke mkulima hatahitaji tena kusifiwa kwa kustahimili dhuluma, kwa kuwa atakuwa na uwezo wa kuikataa.