Meno ya Difu na Barabara za Zamani



Wapo wapenzi wa magari ya zamani ambao, wakiendesha MG ya Kiingereza kwa mara ya kwanza katika barabara kuu ya siku hizi, hushuka wakinung'unika. Injini, wanasema, inalia kama cherehani iliyokosa mafuta. Mkono unatafuta gia ya tano, na gia ya tano haipo. Basi huhitimisha kwamba mafundi waliolibuni gari hilo hawakujua kazi yao. Mimi naona hukumu hiyo si ya haki, na ushahidi wangu umo ndani ya difu.

Kati ya injini na magurudumu ya nyuma kuna gia mbili zinazoumana. Ndogo imefungwa mwisho wa propela, na kubwa ndiyo inayozungusha ekseli. Katika MG TC, gari la spoti lililotengenezwa tangu 1945 hadi 1949, gia ndogo ilikuwa na meno 8 na kubwa meno 41. Gawanya 41 kwa 8, unapata 5.125. Maana yake, ukiwa katika gia ya nne, ambayo ndiyo ya mwisho, injini huzunguka mara tano na zaidi kidogo ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Mwendesha baiskeli hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Gia ya nyuma ikiwa na meno mengi, mlima unapandika, lakini ukifika tambarare miguu inazunguka kama feni na baiskeli haiendi mbali.

Sasa, kwa nini mafundi wa MG walichagua meno mengi hivyo? Kwanza, injini yenyewe ilikuwa ndogo, sentimeta za ujazo 1250, yenye nguvu za farasi 54 tu. Pili, barabara za Uingereza za wakati ule zilikuwa nyembamba, zenye kona baada ya kona, vilima vifupi na vijiji visivyokwisha. Dereva alipunguza mwendo, akatoka kwenye kona, akataka gari liruke mbele bila kubadili gia kila mara. Kwa kilometa 80 kwa saa injini ya TC ilizunguka mara 3,300 hivi kwa dakika, na hapo ilikuwa imestarehe. Ni wachache waliokaa katika mwendo mkubwa kuliko huo kwa nusu saa mfululizo, kwa sababu barabara haikuruhusu.

Sababu ya tatu ndiyo inayonivutia zaidi, nayo haikutoka gereji bali ofisi ya kodi. Tangu mwaka 1921 serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya gari pauni moja kwa kila nguvu ya farasi. Lakini farasi hao hawakupimwa kwa mashine. Walikadiriwa kwa kanuni: chukua kipenyo cha silinda kwa inchi, kizidishe kwa chenyewe, zidisha kwa idadi ya silinda, kisha gawanya kwa mbili na nusu. Urefu wa safari ya pistoni, juu na chini, haukuhesabiwa kabisa! Mtu yeyote mwenye akili ya biashara ataona kitakachofuata. Watengenezaji walibana silinda ziwe nyembamba na kurefusha safari ya pistoni. Silinda ya TC ilikuwa na kipenyo cha milimeta 66.5, na pistoni ilisafiri milimeta 90. Kwa kanuni ile, gari lilikuwa na farasi 11 wa serikali, ingawa farasi wa kweli walikuwa 54. Kama silinda na safari ya pistoni vingekuwa sawa, milimeta 73.5 kila kimoja, ujazo ungebaki uleule lakini farasi wa kodi wangepita 13. Kiwango cha kodi kilipanda na kushuka, na mwaka 1948 kila gari jipya likatozwa pauni 10, liwe kubwa au dogo. Lakini injini hazibadiliki siku sheria inapobadilika.

Pistoni inayosafiri mbali inalazimika kukimbia sana kila injini inapoongeza mzunguko. Majarida ya magari ya wakati huo yalikuwa na kipimo chao: futi 2,500 kwa dakika, yaani mita 12.7 kwa sekunde, ndiyo kasi ya pistoni ambayo injini ingeweza kuivumilia kwa muda mrefu. Kwa TC kikomo hicho kilifikiwa kwenye mizunguko 4,230 hivi, gari likiwa kwenye mwendo wa kilometa 104 kwa saa, au karibu na hapo.

Ndipo ikaja tarehe 2 Novemba 1959. Waziri wa uchukuzi, Ernest Marples, alifungua sehemu ya kwanza ya barabara ya M1, zaidi ya maili 50 zisizo na kona kali, kijiji wala taa za kusimamisha magari. Hapakuwa na kikomo cha mwendo. Kile cha maili 70 kwa saa, sawa na kilometa 112, kiliwekwa kwa majaribio Desemba 1965, kikathibitishwa mwaka 1967. Watu walikanyaga mafuta wakasahau kuinua mguu. Magari mengi yaliachwa kando ya njia, maji yamechemka, injini zimekufa. Hazikuwa zimeharibika siku ile. Zilikuwa zimeulizwa swali ambalo hakuna aliyewahi kuziuliza.

MGB ilitoka mwaka 1962, miaka mitatu baadaye. Difu yake ilikuwa na meno 43 kwa 11, yaani 3.909, ambayo kwa hesabu ya haraka ni nafuu kubwa. Lakini magurudumu nayo yalikuwa yamepungua, kutoka rimu za inchi 19 za TC hadi inchi 14, na gurudumu dogo lazima lizunguke mara nyingi zaidi. Kwa kilometa 112 kwa saa MGB ilizunguka mara 3,900 hivi kwa dakika, ilhali TC ingezunguka 4,600. Mwaka 1964 krenki yake ikaongezewa beringi kuu, kutoka tatu hadi tano.

Dawa ya kweli ilikuwapo: ovadraivu ya Laycock de Normanville, gia ya ziada nyuma ya gia boksi, iliyowashwa kwa swichi ya dashibodi. Kwa MGB za mwanzo ilishusha mizunguko ile 3,900 hadi 3,100 na kitu. Ila miaka ile mnunuzi aliilipia zaidi. Hapo, nakiri, lawama inawastahili wenye kiwanda, kwa sababu M1 ilikuwa imekwisha kufunguliwa na kila mtu aliiona.

Wako wenye TC waliokwisha kung'oa gia zile za meno 8 na 41 na kuweka nyingine zenye uwiano wa 4.875, kama za MG TF ya mwaka 1953. Injini hutulia kidogo kwenye barabara kuu. Likija kona na kilima nyuma yake, mkono unarudi kwenye gia ya tatu.