Kura ya theluthi mbili ndiyo ngao ya ardhi ya jamii

KWA miaka mingi, hatima ya malisho na misitu ya wafugaji nchini Kenya iliamuliwa na madiwani waliokutana katika kumbi za mabaraza, mbali na boma za wenye ardhi. Mkono wa diwani ukiinuliwa, maelfu ya ekari yaliweza kutengewa mwekezaji kabla ya wenyeji kupata habari.

Utaratibu huo ulitokana na Sheria ya Ardhi ya Dhamana, Sura ya 288. Mabaraza ya kaunti yalishikilia ardhi kwa niaba ya wakazi, nayo yalikuwa na uwezo wa kuitenga kwa matumizi mengine. Hata hivyo, sheria iliweka masharti. Pendekezo lilipaswa kwanza kupelekwa kwa bodi ya ardhi ya tarafa, ambako wakazi walisikizwa. Bodi ikiunga mkono, baraza lilihitaji kura za zaidi ya nusu ya madiwani wote, si wa waliohudhuria pekee. Bodi isipounga mkono, ilibidi robo tatu ya madiwani wote wakubali. Hatimaye, notisi ilichapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali.

Masharti hayo hayakufuatwa daima. Mwaka 2004, Tume ya Ndung'u iliyochunguza unyakuzi wa ardhi ya umma ilionyesha jinsi mabaraza yalivyosaliti dhamana yaliyopewa. Mwaka 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru iliamua kuwa hatimiliki za takriban ekari 150,000 katika Kaunti ya Marsabit, ambako mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana umejengwa, zilitolewa kinyume cha utaratibu wa kutenga ardhi. Mahakama iliwapa wahusika mwaka mmoja kurekebisha kasoro hizo.

Katiba ya 2010 ilibadilisha mambo. Kifungu cha 63 kinatambua ardhi ya jamii kuwa mali ya jamii yenyewe. Mabaraza ya zamani yalivunjwa baada ya uchaguzi wa Machi 2013, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 ikafuta Sura ya 288. Serikali ya kaunti sasa hushikilia tu ardhi ambayo haijasajiliwa, wala haina ruhusa ya kuiuza au kuigeuza kuwa mali ya watu binafsi.

Jamii ikishasajiliwa, mamlaka hurudi kwa baraza la jamii, ambalo wanachama wake ni watu wazima wote, wanawake kwa wanaume, vijana kwa wazee. Baraza huchagua kamati ya watu saba hadi 15 kuendesha shughuli za kila siku. Lakini kamati hiyo haiwezi kuuza hata kipande kimoja cha ardhi.

Ardhi huuzwa tu iwapo theluthi mbili ya watu wazima waliosajiliwa wamekubali. Mkataba na mwekezaji pia huhitaji idhini ya theluthi mbili, katika mkutano ulioitishwa mahususi kujadili pendekezo lake. Maamuzi mengine hupitishwa na wingi wa kawaida wa waliohudhuria.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Jamii yenye watu wazima 900 waliosajiliwa huhitaji kura 600 ili kuuza ardhi. Wakihudhuria 600 na mmoja wao akatae, ardhi haiuzwi. Asiyefika mkutanoni, kwa hesabu hii, ni sawa na aliyepinga.

Kwa sababu hiyo, sajili ya wanachama ndiyo msingi wa ulinzi wote. Jina la mjane au kijana likiachwa nje, kura yake hupotea na idadi inayohitajika hupungua. Aidha, jamii ambayo haijasajiliwa haina baraza la kupiga kura hiyo. Mgala muue na haki umpe. Na haki ya ardhi huanza kwa jina kuandikwa.