Ushindi 300: Kilele Kinachowakimbia Warushaji wa Besiboli

Katika historia yote ya ligi kuu za besiboli za Marekani, warushaji waliofikisha ushindi 300 ni 24 tu. Wa kwanza alikuwa Pud Galvin, mwaka 1888. Wa mwisho ni Randy Johnson, aliyeingia katika orodha hiyo tarehe 4 Juni 2009. Tangu hapo hakuna mwingine aliyefika, na kizuizi kikubwa si udhaifu wa vijana wa leo, kwani wanarusha mpira kwa kasi kuliko waliowatangulia. Kilichobadilika ni namna kazi ya kurusha inavyogawanywa.

Mchezo wa besiboli una awamu 9. Timu ikishinda, ushindi huo huandikwa pia kwa jina la mrushaji mmoja, kwa kawaida yule aliyekuwa akirusha timu yake ilipoongoza bila kufikiwa tena. Aliyeanza mchezo sharti akamilishe awamu 5. Akitolewa kabla ya hapo, ushindi huenda kwa mwenzake hata kama yeye ndiye aliyefanya kazi nzuri zaidi. Kwa hiyo anayetaka kufika 300 anahitaji kupangiwa michezo mingi, kuachwa uwanjani muda mrefu, na kuwa na wapigaji wanaomfungia pointi. Yaliyo mikononi mwake ni machache kuliko mashabiki wanavyodhani.

Katika karne ya 19 masharti hayo yalitimia kwa urahisi, kwa sababu timu ilikuwa na warushaji wawili au watatu tu. Mwaka 1884 Charley Radbourn wa Providence alianza michezo 73 na kuimaliza yote, akapata ushindi 59, au 60 kwa hesabu za baadhi ya wanahistoria. Siku hizo mrushaji alisimama futi 50 kutoka kwa mpigaji. Mwaka 1893 umbali uliongezwa hadi futi 60 na inchi 6, yaani mita 18.4, na mzigo wa mrushaji mmoja ukaanza kupungua. Cy Young alianza mwaka 1890, kabla ya badiliko hilo, akastaafu mwaka 1911 akiwa na ushindi 511. Anayemfuata ni Walter Johnson wa Washington mwenye 417. Rekodi hizo mbili hazina mpinzani tena.

Kuanzia hapo 300 kikawa kipimo cha uvumilivu. Warren Spahn alichelewa kwa sababu ya Vita Kuu ya Pili: alitimiza miaka 25 bila ushindi hata mmoja, lakini akamaliza na 363. Early Wynn alimaliza msimu wa 1962 akiwa na 299, na timu yake ikamwacha. Cleveland ikamchukua akiwa na umri wa miaka 43, mwili ukisumbuliwa na jongo. Tarehe 13 Julai 1963, mjini Kansas City, alirusha awamu 5 tu, akatoka timu yake ikiongoza kwa pointi 5 kwa 4, kisha Jerry Walker akaulinda uongozi kwa awamu 4 zilizobaki. Wynn akapata ushindi wake wa 300, na hakupata mwingine tena. Kama angetolewa awamu moja mapema, angebaki na 299.

Ilipita miaka 19 kabla ya mwingine kufika. Kisha kati ya 1982 na 1990 wakafika sita: Gaylord Perry, Steve Carlton, Tom Seaver, Phil Niekro, Don Sutton na Nolan Ryan. Wote walianza katika miaka ya 1960, wakati warushaji wanne walipokezana zamu na kocha alitarajia aliyeanza amalize. Mfano mzuri zaidi ni msimu wa Carlton wa 1972. Timu yake ya Philadelphia ilikuwa dhaifu kabisa, ikashinda michezo 59 tu mwaka mzima. 27 kati ya hiyo ilikuwa yake. Alianza michezo 41 na kumaliza 30. Ni vigumu kupata katika mchezo wowote mtu mmoja aliyebeba timu yake kiasi hicho.

Baadaye zamu zikawa za watu watano, na anayeanza sasa hupata michezo 32 au 33 kwa msimu. Wataalamu wa takwimu nao waliona kwamba wapigaji humzoea mrushaji wanapomkabili kwa mara ya tatu katika mchezo uleule, ndipo makocha wakaanza kumtoa kabla ya kufika huko. Katika fainali za 2020 Blake Snell wa Tampa Bay alitolewa katika awamu ya 6 baada ya mirusho 73 tu, akiwa anaongoza. Timu yake ikashindwa na kupoteza ubingwa. Hata Clayton Kershaw, mnamo Aprili 2022, alitolewa baada ya awamu 7 ambazo hakuna mpigaji hata mmoja aliyefika kituoni. Aliridhia, kwa kuwa alikuwa ametoka katika jeraha. Kershaw alistaafu mwaka 2025 akiwa na ushindi 223.

Jeraha linaloogopwa zaidi ni kuchanika kwa kano ya kiwiko, na kurusha kwa nguvu zote kila mara huongeza hatari hiyo. Daktari Frank Jobe aliitengeneza kano hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 1974, kwa mrushaji Tommy John, ambaye upasuaji huo hadi leo unaitwa kwa jina lake. John alikosa msimu mzima wa 1975, akarudi, akastaafu na ushindi 288. Upasuaji huu huokoa kazi ya mrushaji, lakini hauwezi kurudisha miezi aliyokaa nje.

Hayo yote yanaonekana kwa Justin Verlander, aliye karibu na 300 kuliko yeyote anayecheza. Mwisho wa 2019 alikuwa na 225. Mwaka 2020 msimu ulipunguzwa hadi michezo 60 kwa sababu ya korona. Yeye alicheza mmoja, kiwiko kikaumia, akafanyiwa upasuaji na kukosa 2021 yote. Alirudi mwaka 2022 kwa ushindi 18. Mwaka 2025, akiwa San Francisco, alianza michezo 29 na kushinda 4 tu, ingawa alirusha vizuri kiasi cha kustahili zaidi. Alifunga msimu akiwa na 266. Kutafuta 34 zaidi baada ya kutimiza miaka 43 ni jambo gumu mno.

Nyuma yake pengo ni kubwa. Tarik Skubal, mshindi mwaka 2024 na 2025 wa tuzo ya Cy Young, ambayo hupewa mrushaji bora wa kila moja ya ligi kuu mbili, alikuwa na ushindi 54 mwisho wa msimu wa 2025. Ni kweli kwamba Randy Johnson alikuwa na 49 tu akiwa na miaka 29, lakini aliendelea kurusha hadi alipokuwa na 46, kwa afya ambayo wachache hujaliwa. Katika ligi ya pili, Paul Skenes alipewa tuzo hiyo mwaka 2025 akiwa ameshinda michezo 10 na kupoteza 10, kwa sababu wapiga kura sasa huangalia pointi ambazo mrushaji amewanyima wapinzani. Hata milango ya Cooperstown, penye ukumbi wa magwiji wa mchezo huu, imefunguka kwa kipimo kipya: CC Sabathia alichaguliwa mwaka 2025 akiwa na ushindi 251, na kwa warushaji wanaoanza leo hata 200 kitakuwa kilele cha nadra.